Dawa ya presha ya mama niliinunua mtandaoni, sasa naogopa kumwambia daktari

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Dar es Salaam, mama wa watoto wawili. Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Mama yetu ana miaka 67, anaishi Muheza. Presha anayo mwaka wa tisa sasa. Daktari wake wa Tanga alimwandikia kidonge cha mchanganyiko, amlodipine na valsartan kwa pamoja, anameza kimoja kila asubuhi, na kwa kweli kilimkubali. Akipimwa, namba ya juu ilikuwa haivuki 140. Shida ni bei. Famasi niliyozoea, boksi la vidonge 28 lilifika shilingi 86,000. Kaka yangu wa Arusha ndiye anayetuma hela, mimi ndiye mnunuzi. Boksi naliweka kwenye basi la Tanga, mama anatuma mtu kulipokea stendi ya Muheza.

Mwezi wa pili nikakutana na ukurasa Instagram: dawa zote za Ulaya, bei ya jumla, cheti cha daktari hakihitajiki, tunatuma mikoani. Boksi lile lile kwa 40,000. Nilipoandika WhatsApp nikajibiwa dakika ile ile, naitwa "kipenzi". Hakuniuliza dawa ni ya nani wala mgonjwa ana miaka mingapi. Nikalipa kwa simu, jina lililotokea ni la mtu, si la duka. Bodaboda akaniletea kazini ndani ya mfuko mweusi. Boksi lilikuwa zuri, limeng'aa, nikasema kumbe watu wanatupiga bei tu huko madukani. Zile 46,000 zilizobaki sikumrudishia kaka. Nililipia nauli ya gari la shule la mtoto.

Wiki ya kwanza mama hakuwa na neno. Wiki ya tatu akaanza kusema kisogo kizito. Nikamwambia apunguze chumvi. Wiki ya tano, akiwa anaosha vyombo uani, damu zikamtoka puani na macho yakaona ukungu. Jirani yetu ni muuguzi mstaafu, akampima: 208 kwa 116. Akalazwa siku tatu. Mungu akamnusuru, hakupooza.

Daktari alimuuliza kama anameza dawa zake. Mama akaapa hajakosa hata siku moja, na ni kweli hajakosa. Daktari akasema basi dawa imezidiwa, akamwongezea vidonge viwili, kimoja cha mkojo na kingine cha kutuliza mapigo ya moyo. Shangazi, nilikuwa nimesimama pale pale kando ya kitanda. Nikanyamaza.

Nimeshanunua boksi halali famasi. Jumamosi hii naenda Muheza, na nimepanga kuyabadilisha maboksi kimya kimya ili mambo yaishe. Je, inatosha? Na jingine: ule ukurasa niliusambaza kwenye kikoba chetu. Wenzangu watatu wameshanunua, mmoja vidonge vya kupunguza tumbo, mmoja dawa ya sukari ya mumewe, wa tatu sijui alichukua nini. Na sisi tusio na uwezo, mtandaoni hakuna kabisa pa kununua dawa kwa usalama?

Mtoto wako, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mpe mama pole yangu.

Barua yako ilinifikia Alhamisi, na kwa kuwa Jumamosi ilikuwa karibu nilikupigia simu badala ya kusubiri zamu yake hapa gazetini. Umenipa ruhusa nijibu mbele ya wasomaji, basi naanza na lile nililokwambia kwenye simu, maana nina hakika kuna mwingine leo yuko njiani na boksi mkobani na mpango kama wako.

Usibadilishe dawa kimya kimya.

Angalia kilichotokea pale kitandani. Daktari aliona mgonjwa anayemeza dawa mbili za presha kila siku na bado yuko 208. Kwa alichokijua, uamuzi wake ulikuwa sahihi, akaongeza mbili. Kwenye faili mama sasa anatumia dawa nne. Mwilini mwake pengine anatumia mbili tu, hizo mpya, kwa sababu kidonge cha asubuhi huenda hakina kitu. Sasa wewe ufike Jumamosi uweke kidonge cha kweli mahali pa kile. Kwa mara ya kwanza atameza zote nne kwa pamoja, na hizo mbili za nyongeza zilipimwa kupambana na presha ambayo haikuwa na dawa. Presha inaweza kushuka kwa kishindo. Mama wa miaka 67 anaamka saa 9 usiku kwenda chooni, anasimama, kichwa kinazunguka, anaanguka sakafuni. Nimefanya kazi ya dawa miaka mingi na nimewaona kina mama waliovunjika nyonga kwa namna hiyo hiyo, dawa halali kabisa, zimezidi tu.

Uliponiuliza nitaanzaje kumwambia daktari, nilikupa maneno haya, na nayarudia kwa mwenye kuyahitaji: "Daktari, dawa aliyokuwa anameza mama kuanzia mwezi wa pili niliinunua mtandaoni kwa mtu nisiyemjua. Boksi ninalo. Naomba uangalie upya dawa ulizomwongezea." Mwisho. Mambo ya kaka, ya hela, ya aibu, hayo hayamhusu daktari.

Umeniandikia jioni ile ile kwamba umemwambia daktari, na hakukukaripia. Aliuliza swali moja tu, boksi lenyewe liko wapi, kisha akasimamisha vile vidonge vya mtandaoni, akaondoa kimoja cha nyongeza, na akakuelekeza aanze hiki halali kwa dozi ndogo huku akipimwa kila siku. Nimeshukuru sana. Dozi hizo ni za mama yako peke yake. Msomaji mwingine asizichukue hapa akampa wa kwake.

Sasa turudi nyuma. Umejiuliza mbona wiki ya kwanza mama alikuwa mzima, na hilo ndilo lililokupumbaza. Amlodipine huondoka mwilini polepole mno. Nusu ya iliyomo huchukua saa 30 mpaka 50 kupungua, halafu nusu ya iliyobaki muda kama huo tena. Mama aliyekuwa ameimeza miaka alibaki na akiba ya wiki nzima na zaidi. Aliishi kwa dawa ya mwezi wa kwanza huku akimeza za mwezi wa pili. Akiba ilipokwisha, presha ikaanza kupanda taratibu, na presha ikipanda taratibu haina mlio. Kile kisogo kizito cha wiki ya tatu kilikuwa ndio taarifa. Siku nyingine mgonjwa wa presha aliyekuwa ametulia akibadilika ghafla, kabla ya chumvi uliza boksi: hili limetoka wapi, lilianza lini?

Ulinitumia picha za boksi. Nimezikuza nikaziangalia jioni nzima. Ubavuni mwa boksi tarehe ya kuisha muda ni moja, nyuma ya karatasi ya vidonge ni nyingine, zimepishana miezi minne. Namba ya toleo nazo hazifanani. Kidonge ulichokikata kwa kisu kimemumunyuka kama chokaa. Mtu akiona haya atasema, kumbe ni rahisi, nikiangalia vizuri nitaijua bandia. Hapana, mwanangu, na hapa nataka unisikie. Huyu wa kwako ni mzembe. Wapo wasio wazembe, na boksi lao nikiliweka kando ya halali hata mimi sitaweza kukuonyesha tofauti. Rangi haisemi kilichomo.

Nikupe mfano wa jirani zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Mwishoni mwa 2014, Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, watu walianza kufika vituo vya afya shingo zimepinda, macho yamegeukia juu, ulimi umetoka, taya zimekaza. Watoto wengi walikuwamo. Waganga wakadhani ni homa ya uti wa mgongo. Wagonjwa waliendelea kuja miezi na miezi, mwaka 2015 wakafika karibu 1,000. Ilipochunguzwa, ikaonekana wengi wao walikuwa wamemeza vidonge vidogo vya njano vilivyoandikwa diazepam, dawa ya kutuliza ambayo huko watu waliitumia hata kwa homa na maumivu. Ndani yake haikuwa diazepam. Ilikuwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, kwa kiwango ambacho kwa mtoto ni hatari kubwa. Vidonge vile havikununuliwa Instagram. Vilipita katika maduka na mikono ya watu walioaminiwa, na yaelekea wauzaji wenyewe waliamini ni diazepam. Kama muuzaji aliyevishika alidanganyika, wewe utakayeonyeshwa picha kwenye simu utajuaje?

Kinachotambua dawa ni maabara. Kidonge hutumbukizwa kwenye maji yaliyopashwa nyuzi 37, joto la mwili wako, kikakorogwa, kisha ikapimwa ni kiasi gani cha dawa kimetoka na kwa muda gani. Kinaweza kuwa hakina dawa, kina nusu, kina nyingine, au kilikuwa cha kweli kikaharibiwa na joto. Hili la mwisho watu hulisahau. Dawa nyingi boksi lake limeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Fikiria boksi lililokaa mwezi chini ya bati Kariakoo, halafu saa sita kwenye buti la basi. (Na wewe pia, hata dawa halali, mpe kondakta aiweke ndani kwenye kivuli.)

Kwa kuwa macho yetu hayatoshi, tunachoweza kumchunguza ni muuzaji. Na muuzaji wako alijieleza mwenyewe tangu tangazo la kwanza: cheti hakihitajiki. Wewe uliliona hilo kama nafuu. Mimi nikilisoma nasimama hapo hapo. Kidonge cha presha ni dawa ya cheti kwa sababu kuna mtu hakimfai. Valsartan hiyo hiyo ikimezwa na mjamzito inamdhuru mtoto tumboni. Mfamasia anayekuuliza dawa ni ya nani, ana umri gani, anameza nini kingine, anakuchelewesha kwa dakika tatu ambazo ndizo kazi yake. Yule aliyekuita kipenzi hakuuliza hata moja.

Kisha uliza, duka liko wapi? Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2010 kwamba dawa zinazonunuliwa kwenye tovuti haramu zinazoficha anwani zake, zaidi ya nusu ni bandia. Mwaka 2017 likakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au duni. Ziweke hizo mbili pamoja. Dukani si peponi, nalijua hilo na ninaumia nalo. Lakini dukani kuna kibali cha Baraza la Famasi ukutani, kuna jina la mfamasia, kuna mkaguzi anayeweza kubisha hodi kesho, na kuna risiti. Ukurasa ukifutwa usiku, asubuhi wewe unamdai nani?

Hilo linajibu na swali lako la mwisho. Kuagiza kwa simu si dhambi. Agiza kwa famasi uliyowahi kuingia kwa miguu yako, yenye kibali, inayokuomba picha ya cheti kabla ya kutaja bei, inayopokea malipo kwa jina la biashara na inayotoa risiti. Dawa usiyoijua, angalia kama iko kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Ndugu zetu walioko nchi za Umoja wa Ulaya wana alama maalumu, msalaba mweupe juu ya mistari ya kijani. Ukiibonyeza lazima ikupeleke kwenye orodha ya serikali yenye jina la duka lile. Isipokupeleka kokote, ni picha tu imebandikwa. Na ile kufuli ndogo juu ya anwani ya tovuti isikudanganye. Inaonyesha kuwa mawasiliano yako yamefungwa yasisomwe njiani, basi. Hata tapeli anayo.

Nije kwenye pesa, maana huko ndiko mlango ulikofunguka. 86,000 kwa mwezi ni nyingi, na sitakwambia eti afya haina bei wakati najua mwezi wako unavyokwenda. Hukuwahi kuambiwa jambo moja ambalo lingekuokoa: kile kidonge cha mchanganyiko kinaweza kutenganishwa. Amlodipine peke yake ni miongoni mwa dawa za presha za bei rahisi kabisa nchini. Kwa upande wa valsartan, daktari anaweza kuangalia losartan, ndugu yake wa karibu, ambayo nayo ni nafuu. Vidonge viwili kwa siku badala ya kimoja, kwa sehemu ndogo ya bei ile. Mwambie daktari waziwazi, "Hii imenishinda bei, niandikie kwa jina la dawa, si la kampuni." Madaktari hawachukii. Wengi hawajui tu famasi ya mtaani inatoza kiasi gani. Uamuzi wa kubadili ni wake, lakini bila wewe kusema hataufikiria. Na mama ana zaidi ya miaka 60: kama hana kipato, ulizeni ustawi wa jamii katika hospitali ya wilaya kuhusu msamaha wa wazee. Upo kwenye sera, ingawa kuupata kunahitaji miguu na barua ya serikali ya mtaa.

Boksi usilitupe. Najua mkono unawasha. Liweke kwenye bahasha pamoja na karatasi za vidonge vilivyobaki, mahali pakavu, na uhifadhi picha za mazungumzo, za ukurasa na ujumbe wa malipo. Peleka ofisi ya TMDA ya kanda, au kwa mfamasia wa wilaya pale halmashauri. Yeye ataipokea na kuifikisha. Mwombe daktari au famasi ya hospitali ajaze ile fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Huendi kujishtaki. Wewe ni mteja uliyeuziwa. Bila boksi lako, jina lile la kwenye malipo litaendelea kupokea hela za watoto wa watu.

Wenzako wa kikoba sasa. Huyu wa vidonge vya tumbo mpigie leo, usingoje kikao. Dawa nyingi za kukondesha zinazouzwa hivi zimekutwa na sibutramine ndani, ambayo Ulaya na Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi. Inapandisha presha na mapigo, na kwenye boksi husomi jina lake, unasoma "mimea asilia". Mwambie aache, na kama moyo unamwenda mbio au kifua kinambana, aende hospitali na pakiti mkononi. Wa mume mwenye sukari, amwambie mumewe apime sukari leo na kesho asubuhi kabla ya kula, na awahi kliniki na dawa zote mbili, ya zamani na ya mtandaoni. Wa tatu muulize alichukua nini. Ukiona haya, soma barua yako hii mbele yao.

Kaka. Uliniuliza kwenye simu kama ni lazima, na nilikwambia nifikirie. Nimefikiria. Mwambie, na useme na habari ya zile 46,000, wewe mwenyewe, kabla hajazisikia kwa mwingine. Anatuma 86,000 akiamini mama anameza dawa ya 86,000. Akijua kuwa nauli ya shule ilikuelemea mpaka ukafika huko, huenda mkakaa mkagawana mizigo upya, hasa mkishapata dawa ya bei nafuu. Anaweza kukasirika pia, ana haki. Mpe muda wake.

Mama unaweza kumwambia kwa maneno machache: zile dawa zilikuwa mbovu, walituuzia, tumeshaziondoa. Yeye aliapa kwa daktari kuwa hajakosa siku hata moja, na nadhani anajiuliza kimoyomoyo amekosea wapi. Mtoe hapo.

Sasa chukua daftari la shule la kurasa chache, mwachie yule jirani muuguzi. Ampime mama asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni kabla ya chakula, siku saba mfululizo. Mama akae kitini dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa kifua, wasizungumze. Kila mara vipimo viwili, vyote viandikwe. Akisimama na kusikia kizunguzungu, nacho kiandikwe na saa yake, na simu ipigwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kichwa kikali, mdomo kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu au maneno kukwama, hapo hakuna kupima tena. Ni gari na hospitali.

Jumapili ijayo nitumie picha ya ukurasa huo wa daftari.

Shangazi yako